Kipofu Aliyetutungia Nyimbo: Maisha ya Fanny Crosby (1820–1915)

Utangulizi

Katika kurasa zilizotangulia za kitabu hiki cha Jubilei msomaji amekutana na wamisionari walioleta Injili mahali hapa, walimu na wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa, wazee wa kanisa waliochoma matofali, na wachungaji waliotumika kwa zamu zao. Kamati ya maandalizi ilinipa mimi kazi ya kuandika juu ya nyimbo katika maisha ya usharika wetu. Nilianza, kama ilivyo desturi, kwa kufungua madaftari ya kumbukumbu za Baraza la Wazee.

Humo nilikuta mengi. Nilikuta siku kinanda cha kwanza kilipopokelewa, hesabu ya mabati ya kuezekea, majina ya waliochangia tarumbeta, na hata shauri refu juu ya nani ashike ufunguo wa kabati la vitabu. Kuhusu nyimbo zenyewe nilikuta sentensi ya namna moja tu, ikirudiwa mwaka hadi mwaka: kwaya ya akina mama iliimba wimbo mpya, na watu wakabarikiwa. Ni nani aliyeutunga wimbo huo? Daftari halisemi. Wenye kukumbuka wengi wamekwisha kulala katika Bwana.

Jambo hilo lilinisumbua. Likanikumbusha kwamba hata nyimbo tuzipendazo kuliko zote, zile tunazoziimba bila kitabu msibani na katika sala za jioni, tunaziimba bila kujua zilitoka kwa nani. Kwa hiyo, kabla ya kusema juu ya nyimbo za nyumbani kwetu, naomba wasomaji na wageni wetu wa Dayosisi waniruhusu nisimulie maisha ya mtunzi mmoja. Huyu ni mama wa Kimarekani aliyekuwa kipofu, ambaye kwanza alitunga nyimbo za mapenzi na majonzi za kuimbwa sebuleni, na baadaye akatunga nyimbo takatifu zaidi ya 8,000. Yeye ndiye mwenye nyimbo zinazojulikana kwetu katika Tenzi za Rohoni kwa majina ya "Usinipite Mwokozi", "Ndiyo dhamana" na "Ni wako wewe".

Utoto wake

Frances Jane Crosby, aliyeitwa Fanny na wote waliomfahamu, alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika kijiji cha mashambani wilayani Putnam, jimbo la New York. Wazazi wake, John na Mercy, walikuwa watu wa hali ya chini. Alipokuwa na umri wa majuma sita hivi alishikwa na mafua, na macho yakavimba. Mtu mmoja aliyejiita tabibu alimwekea dawa ya moto ya haradali machoni. Tangu hapo familia iliamini kwamba dawa ile ndiyo iliyompofusha. Madaktari wa siku hizi wanaona kwamba huenda mtoto alizaliwa na kasoro hiyo. Vyovyote iwavyo, Fanny alikua bila kuuona uso wa mama yake. Kabla mwaka ule haujaisha baba yake alifariki, na mama kijana akalazimika kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu.

Malezi ya mtoto yakamwangukia bibi, mzaa mama, aliyeitwa Eunice. Bibi huyu alikataa kumlea mjukuu wake kama mtu wa kuhurumiwa tu. Alimweleza rangi za maua na sauti za ndege, akamshikisha majani mkononi mpaka akayatofautisha, na zaidi ya yote akamsomea Biblia. Mtoto alikariri sura kwa sura. Kufikia umri wa miaka 15 aliweza kusema kwa moyo vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali, na Zaburi nyingi. Sisi tuliopita katika darasa la Kipaimara, tukatoka jasho kwa ajili ya Katekisimu Ndogo ya Luther, tunaweza kupima ukubwa wa kazi hiyo. Hazina aliyowekewa na bibi yake ndiyo aliyoitumia maisha yake yote. Ukizichunguza nyimbo zake utaona kwamba karibu kila ubeti umejengwa juu ya neno la Maandiko.

Shule ya vipofu

Mwaka 1835 Fanny alipelekwa katika shule ya vipofu mjini New York. Shule hiyo ilikuwa bado changa, na watu wengi walidhani ni kupoteza fedha kumsomesha mtu asiyeona. Kwa sababu hiyo viongozi wa shule walikuwa wakiwachukua wanafunzi bora kuwaonyesha hadharani. Katika miaka ya 1840 Fanny alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Washington, akawasomea wabunge wa Marekani mashairi yake, ili waone kwa masikio yao kwamba kipofu anaweza kuelimishwa. Mwaka 1844 kilitoka kitabu chake cha kwanza cha mashairi.

Alikuwa mwanafunzi, kisha kuanzia mwaka 1847 hadi 1858 akawa mwalimu wa sarufi, ufasaha wa lugha na historia katika shule ile ile. Kijana mmoja aliyefanya kazi ya ukarani hapo alikuwa akimnakilia mashairi yake. Kijana huyo aliitwa Grover Cleveland, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani mara mbili. Urafiki wao ulidumu hadi uzeeni.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia New York. Wengi waliokuwa na uwezo waliukimbia mji. Fanny alibaki na kuwauguza wagonjwa. Vifo vile vilimwachia hofu na maswali mazito juu ya roho yake mwenyewe, na mnamo tarehe 20 Novemba 1850, katika mikutano ya uamsho ya Wamethodisti, wakati wimbo wa Isaac Watts juu ya msalaba ukiimbwa, alijitoa kwa Kristo. Ndugu zangu wa uamsho watafurahi kusikia kwamba alikumbuka tarehe. Mimi naomba tuone pia kwamba alichokipata usiku ule hakikuwa kigeni. Lilikuwa ni lile Neno alilokaririshwa na bibi yake miaka mingi nyuma, nalo sasa lilizaa matunda.

Nyimbo za sebuleni

Hapa tunafika mahali ambapo waandishi wengi wa habari za watakatifu hupapita haraka. Kabla ya kutunga hata wimbo mmoja wa kanisa unaojulikana, Fanny Crosby alikuwa mtunzi wa nyimbo za kidunia.

Katika zama hizo kulikuwa hakuna redio wala santuri. Familia ya Kimarekani yenye uwezo kidogo ilinunua piano, na jioni binti wa nyumba akapiga huku wengine wakiimba. Walihitaji nyimbo, na wachapishaji waliwauzia karatasi zenye maneno na nota. Nyimbo zilizopendwa sana zilikuwa za hisia: kijana anamlilia mchumba aliyefariki, mtu aliye safarini anakumbuka nyumba ya mama, ua zuri linanyauka kabla ya wakati wake. Walimu wa muziki wenye elimu kubwa walizidharau. Watu wa kawaida walizinunua, wakaziimba, wakalia.

George F. Root, mwanamuziki aliyefundisha katika shule ya vipofu, alitambua kipaji cha Fanny. Yeye alitunga sauti, Fanny akatunga maneno. Mwaka 1852 walitoa pamoja mchezo wa kuimbwa ulioitwa The Flower Queen, ambao ulipendwa sana na shule za wasichana. Zikafuata nyimbo za sebuleni, na uliovuma kuliko zote ulikuwa "Rosalie, the Prairie Flower" wa mwaka 1855, unaomhusu msichana aliyefariki katika ujana wake.

Historia ya fedha za wimbo huo inafaa kukumbukwa. Root alitaka kuuza nyimbo sita kwa mchapishaji kwa jumla ya dola 600. Mchapishaji akaona bei ni kubwa mno, akamshauri apokee asilimia ya mauzo badala yake. Kwa wimbo wa Rosalie peke yake Root alipata karibu dola 3,000, fedha nyingi sana kwa siku hizo. Fanny, mwenye maneno, alilipwa dola moja au mbili kwa kila shairi, na hakuwa na fungu katika mauzo. Ilikuwa desturi ya wakati ule kumlipa mshairi mara moja tu, na hakuna aliyeona kuwa ni dhuluma. Mara nyingi udhalimu wa muda mrefu huonekana hivyo hivyo: unaitwa desturi.

Ndoa na huzuni

Tarehe 5 Machi 1858 Fanny aliolewa na Alexander van Alstyne, naye kipofu, aliyekuwa mwalimu wa muziki na mpiga kinanda stadi. Mwaka uliofuata walipata mtoto, lakini mtoto huyo alifariki akiwa bado mchanga. Fanny hakupenda kusema juu ya msiba huo. Alisimulia maisha yake katika vitabu viwili, mwaka 1903 na mwaka 1906. Alieleza marais aliowajua na mikutano aliyohudhuria, lakini juu ya mtoto wake alisema machache mno. Ndoa yenyewe haikuwa nyepesi. Kuanzia mwaka 1880 hivi waliishi mbalimbali, ingawa walibaki marafiki hadi mume alipofariki mwaka 1902. Sisemi haya ili kumshusha. Nayasema kwa sababu watu hudhani kwamba anayetunga nyimbo za faraja hana haja ya kufarijiwa.

Mtunzi wa nyimbo takatifu

Mnamo mwezi wa Februari 1864, akiwa na umri wa miaka 43, Fanny alikutana na William Bradbury, mtunzi na mchapishaji wa nyimbo za shule za Jumapili. Bradbury alikuwa akitafuta mshairi, na Fanny akaona kwamba sasa amepata kazi aliyozaliwa kwa ajili yake. Tangu siku hiyo hakuacha. Bradbury alipofariki mwaka 1868 wachapishaji waliorithi kazi yake, Biglow na Main, waliendelea kumtumia, na kwa miaka mingi alipaswa kuwapa nyimbo tatu kila juma.

Jinsi alivyofanya kazi ni ajabu. Alianza kwa maombi, kisha akatunga kichwani, ubeti baada ya ubeti, na mara nyingine nyimbo kadhaa pamoja, ndipo akamsomea karani aandike. Alitumia majina ya bandia karibu mia mbili, maana wachapishaji waliona haya kutoa kitabu ambacho nusu ya nyimbo zake zimetungwa na mtu mmoja. Hivyo mama huyu alifichwa mara mbili: kwanza kwa malipo madogo, pili kwa majina yasiyo yake.

Mtu aliyeshirikiana naye zaidi ni William Howard Doane, mwenye kiwanda cha mashine za mbao mjini Cincinnati, aliyetunga sauti za nyimbo kwa upendo tu. Tarehe 30 Aprili 1868 Doane alifika nyumbani kwa Fanny akiwa na sauti mpya, na alikuwa na dakika 40 tu kabla ya kuwahi treni. Aliipiga. Fanny akasikiliza, akaenda chumbani kuomba, na baada ya nusu saa hivi akarudi na maneno ya wimbo ujulikanao kwa Kiingereza kama "Safe in the Arms of Jesus", juu ya mtu aliye salama mikononi mwa Yesu. Wimbo huo uliwafariji kina mama wengi waliofiwa na watoto, katika nyakati ambazo kila familia iliyajua makaburi madogo. Mama aliyeuandika alikuwa amemzika wake miaka tisa tu kabla.

Mwaka huo huo wa 1868 aliandika "Usinipite Mwokozi". Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwenda kusema na wafungwa gerezani, na mmoja wao akapaza sauti kumwomba Bwana asimpite. Mwaka 1873 rafiki yake Phoebe Palmer Knapp alimpigia sauti aliyoitunga mwenyewe na kumwuliza inasema nini. Fanny akajibu mara moja, na hapo ukazaliwa wimbo tunaouita "Ndiyo dhamana". Maneno ni ya mwanamke na sauti ni ya mwanamke. Mwaka 1875, nyumbani kwa Doane, uliandikwa ule tunaouita "Ni wako wewe".

Katika miaka hiyo mhubiri Dwight L. Moody na mwimbaji wake Ira D. Sankey walizichukua nyimbo za Fanny katika mikutano yao mikubwa ya Marekani na Uingereza, zikaenea duniani pote.

Maisha kati ya maskini

Fanny angeweza kuishi kwa raha kwa msaada wa marafiki. Badala yake, kwa miaka mingi alipanga vyumba katika mitaa ya watu maskini ya New York. Alitumika katika vituo vya misheni vilivyowapokea walevi, wasio na makazi na vijana waliopotea. Aliketi nao, akawashika mikono, akaongea nao kwa jina. Hakuvumilia mtu kuwasema vibaya mbele yao, akiamini kwamba aliyeanguka hatainuliwa kwa kukumbushwa kwamba ameanguka. Wimbo wake wa mwaka 1869 juu ya kuwaokoa wanaopotea ulitokana na kazi hiyo. Kile kidogo alicholipwa aligawa sehemu kubwa.

Alipoulizwa kama hakumchukia mtu aliyemtia dawa machoni, alijibu kwamba alikwisha kumsamehe, na kwamba kama angepewa kuchagua angechagua kubaki kipofu, ili uso wa kwanza atakaouona uwe uso wa Mwokozi wake. Mwaka 1900 alihamia Bridgeport, jimbo la Connecticut, kuishi na ndugu yake. Tarehe 26 Machi 1905 makanisa mengi yaliadhimisha siku maalumu ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Alifariki tarehe 12 Februari 1915, akiwa na umri wa miaka 94. Juu ya kaburi lake waliweka jiwe dogo lenye jina la "Aunt Fanny", yaani Shangazi Fanny, pamoja na neno la Bwana juu ya yule mwanamke wa Bethania aliyefanya kadiri ya uwezo wake (Marko 14:8).

Nyimbo hizi na sisi Walutheri

Sasa ni lazima niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha theolojia nilikuwa na msimamo mkali juu ya nyimbo. Tulikuwa tumefundishwa, na kwa haki, urithi wa Kilutheri: jinsi Dr. Martin Luther alivyotoa kitabu cha nyimbo mwaka 1524 ili watu wote, si makasisi peke yao, waimbe Injili. Jinsi Paul Gerhardt alivyoimba katikati ya vita na misiba. Nyimbo hizo husema kwanza Mungu amefanya nini. Nyimbo za akina Crosby, nilisema, husema mno "mimi" na "moyo wangu". Ni nyimbo za machozi zilizovishwa kanzu ya kanisa. Katika usharika nilioanzia kazi niliagiza kwamba katika ibada na maziko ziimbwe nyimbo za kitabu chetu tu.

Halafu tukawa na maziko ya mtoto. Nilifika nyumbani kwa wafiwa nikiwa na kitabu mkononi, nikatangaza namba ya wimbo mmoja wa Kijerumani, wimbo mzuri, wenye theolojia safi. Sauti yangu peke yake ndiyo iliyosikika. Watu hawakukataa kwa ukaidi. Hawakuwa na nguvu ya kutafuta namba wala ya kusoma. Nilipomaliza ubeti wa pili palikuwa kimya. Ndipo bibi mmoja mzee, aliyekuwa haoni tena kwa sababu ya mtoto wa jicho, akiwa ameketi chini karibu na mama wa marehemu, akaanza "Usinipite Mwokozi" kwa sauti ya chini. Nyumba yote ikamwitikia. Mama aliyefiwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, aliimba.

Niliporudi nyumbani nilifungua Marko 10 na kusoma habari za Bartimayo. Nikaona jambo ambalo chuoni sikuliona. Kipofu ameketi kando ya njia, anasikia kwamba Yesu anapita, anapaza sauti asipitwe. Wengi wanamkemea anyamaze. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wengi. Na kipofu wa New York alikuwa ameyachukua maneno ya kipofu wa Yeriko na kuyatia kinywani mwa kila mtu asiye na nguvu ya kusema sala yake mwenyewe. Je, hiyo siyo Injili? Mwombaji haleti kitu mkononi. Anaomba kwa rehema tu. Mlutheri gani atasema zaidi ya hapo? Na kama neno "mimi" ni kosa, hatuna budi kufuta Zaburi ya 23 na ya 51.

Sisemi kwamba nyimbo zote ni sawa. Crosby aliandika nyingi mno, tena kwa mkataba, na katika 8,000 zimo nyepesi ambazo dunia imezisahau kwa haki. Usharika unaoimba za namna hiyo peke yake utakosa chakula kigumu. Hautajua kuimba juu ya uumbaji, juu ya ubatizo, juu ya haki ya Mungu kati ya mataifa. Tunahitaji nyimbo za Luther na za Gerhardt, nazo tusiziache zife kwa uvivu wetu. Lakini nimejifunza kwamba miaka kumi aliyotunga nyimbo za sebuleni haikupotea. Huko alijifunza lugha ambayo mtu wa kawaida hulilia, na Mungu akaitumia lugha hiyo. Hata huko Ujerumani, walikotoka wamisionari wetu wa kwanza, wimbo wake wa mikononi mwa Yesu uliimbwa kwa lugha yao tangu miaka ya 1870. Na kwetu Afrika Mashariki, Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea Tanganyika uliwakuta watu wakiziimba nyimbo za namna hii, ukazitia moto mpya.

Aidha, si jambo geni katika Kanisa la Kilutheri mwanamke kutunga wimbo wa ibada. Katika mwaka ule ule wa 1524 wimbo wa Elisabeth Cruciger, aliyekuwa mtawa kisha akawa mke wa mchungaji, ulichapwa pamoja na nyimbo za Luther. Kanisa letu liliimba maneno ya mwanamke tangu kitabu chake kilipokuwa bado na kurasa chache.

Hitimisho

Narudi sasa kwenye madaftari yetu. Fanny Crosby alilipwa kidogo na akafichwa nyuma ya majina ya bandia, lakini walau karani wa mchapishaji aliandika. Ndiyo maana leo tunaweza kusimulia habari zake. Mama zetu waliotunga nyimbo katika usharika huu hawakuwa na karani. Walitunga wakipalilia mashamba, wakatunga wakiwa njiani kwenda kisimani, wakafundisha wenzao jioni baada ya kazi, na Jumapili sisi tukabarikiwa. Tuliandika hesabu ya mabati, lakini wao hatukuwaandika. Katika hilo wachungaji, mimi nikiwa mmoja wao, tulikosa, maana daftari lilikuwa mezani petu.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba mbele ya Baba Askofu na wageni wetu wa Dayosisi, kwamba kazi ya kwanza ya karne ya pili ya usharika huu iwe ndogo na ya gharama nafuu. Kila mtaa uwatembelee wazee waliobaki, hasa akina mama, wakiwa na daftari na kinasa sauti. Waulizwe: wimbo ule aliutunga nani? Aliutunga lini, na kulikuwa na nini siku hizo? Majina yaandikwe kwa ukamilifu. Tusingoje tamasha la kwaya. Wenye kukumbuka wanapungua kila mwaka, nami katika miezi ya kuandika sura hii nimewazika wawili niliokuwa nimepanga kwenda kuwauliza.

Bwana wetu alisema juu ya yule mwanamke wa Bethania kwamba popote Injili itakapohubiriwa, alilolitenda litatajwa kwa kumkumbuka. Hata hivyo Marko hakutuandikia jina lake. Tusiyarudie hayo katika usharika wetu.

Utukufu una Mungu peke yake, aliyewapa nyimbo usiku wale wasioona, na akatupa sisi tunaoona masikio ya kuzisikia.